Ini la Mlevi

Kuna nyumba moja Kibokoni, Mombasa, ambayo mpaka leo hupika mkate wa sinia kwa njia ya zamani: mchele huroweshwa, husagwa na tui la nazi, kisha huachwa uumuke mpaka harufu yake ifike njiani. Wiki iliyopita nilipita hapo nikitoka hospitali. Harufu ilinikuta kwenye kona, uchachu mtamu wenye iliki ndani yake, nikasimama. Mwenzangu niliyekuwa naye akacheka, akadhani nimeshikwa na uchu, akasema tupige hodi tuombe kipande, hawatatunyima. Sikuwa na uchu wowote. Nilikuwa na hasira, hasira ya zamani juu ya mtu aliyekwisha zikwa, na hasira kama hiyo ni mbaya kwa kuwa haina pa kwenda.

Nililelewa na Nyanya, mamake baba. Sisemi nililelewa na mama, ijapokuwa mama alikuwepo, tena ghorofa ile ile. Waliokulia nyumba za Mji wa Kale wanajua nasema nini. Mkazamwana huingia akalikuta jiko lina mwenyewe, na mwenyewe hastaafu. Mama alikata vitunguu, akakuna nazi, akaosha masinia. Kuonja chumvi ilikuwa kazi ya Nyanya. Baba alikuwa na duka la leso Biashara Street. Alitoka asubuhi akarudi magharibi, na alichokijua kuhusu nyumba yake ni kile alichoambiwa na mamake wakati wa kula.

Nilikuwa mnene. Leo nasema mnene. Wakati ule neno hilo halikutamkwa kwetu. Nilikuwa na siha. Wageni walipopanda, Nyanya aliniita nisimame katikati ya sebule, nao wakanishika mashavu wakisema mashallah, mashallah, mwana huyu ameangukia mkono wa mlezi. Nyanya alijifanya hakusikia, kisha wakishaondoka alinipaka wanja nyuma ya sikio ili jicho la mtu lisinidhuru. Asubuhi nilikula mahamri manne kwa chai ya maziwa iliyokolea sukari. Saa nne soda. Adhuhuri wali. Alasiri nikirudi chuoni, tulikosomea Kurani, niliukuta mkate wa sinia umekatwa vipande vinene, umefunikwa kawa, unaningoja. Nikisema nimeshiba, Nyanya alisema tumbo la mtoto halina mlango.

Alikuwa na sababu yake, wala sitaki kumdhulumu. Kabla ya baba alizaa msichana, shangazi yangu ambaye sikuwahi kumwona, aliyekonda kidogo kidogo mpaka akafa akiwa na miaka minne. "Alinifia mikononi," Nyanya alikuwa akisema, "mwepesi kama leso." Tangu hapo mtoto mwembamba kwake alikuwa mtoto aliyekwisha kuanza safari. Mimi nilipewa jina la marehemu yule. Nadhani alinilisha kwa niaba yetu sote wawili.

Shingo yangu ndiyo iliyotangulia kusema. Nyuma yake, kwenye mikunjo, ngozi iligeuka nyeusi, nene kidogo, kama iliyopakwa masizi. Kwapani vilevile. Chuoni wasichana waliokaa nyuma yangu wakanibandika jina, Bi Masizi, wakawa wakicheka ndani ya mitandio yao. Nyanya akasema ni nongo, uchafu uliogandamana, na kila Alhamisi alinikalisha kwenye kibao bafuni akanisugua kwa dodoki na ndimu mpaka ngozi ikanichonyota nikalia. Weusi haukutoka. Leo najua ile ilikuwa alama ya mwili unaoshindwa na sukari, na kwamba daktari akiletewa mtoto mnene huinua nywele akaitafuta hapo. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mimi ni mchafu kwa namna isiyotoka kwa maji.

Kisha ukaja ubavu wa kulia, maumivu mazito yasiyo makali, ambayo hayakunilaza wala hayakuniacha. Ngazi za nyumba yetu ni ndefu na zimesimama wima, nikawa nakaa mara mbili kabla sijafika juu. Shuleni, huko Kizingo, mwalimu wa michezo alinikuta nimejikunja kando ya ukuta, akaandika barua nyumbani. Ndipo Nyanya akakubali nipelekwe hospitali, akatangulia yeye, mama nyuma. Walinitoa damu. Walinilaza kitandani wakanipaka tumboni kitu cha utelezi, baridi sana, wakapitisha kidude juu yake huku kwenye kioo pakionekana rangi ya kijivu inayotembea. Nilidhani wanatazama kama ndani nako kuna masizi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtu wa bara, mpole. Alizungumza na Nyanya kwa kuwa ndiye aliyekaa kiti cha mbele.

"Ini lake limejaa mafuta," alisema. "Na sukari ya damu imeanza kupanda. Mimi ini kama hili nimezoea kuliona kwa walevi."

Nyanya akauliza kwa nani. Daktari akasema kwa watu wanaokunywa pombe, lakini kwa mtoto huyu sababu ni nyingine, akaanza kueleza. Hakufika mbali. Nyanya alikwisha simama, ameshakaza buibui lake.

"Ulevi haukungia nyumba yetu tangu babu za babu," alisema. "Na wewe wataja neno hilo mbele ya mwana wa watu."

Alinishika mkono akanivuta mpaka nje. Mama alibaki ndani kitambo. Nilidhani anatafuta kiatu. Ndani ya tuktuk Nyanya alimwambia kwamba aliyoyasikia ayazike pale pale, asimwambie hata mumewe, kwa sababu neno lile likishuka ngazi moja tu litakuwa Bondeni kabla ya magharibi, na msichana aliyetajwa ini la mlevi nani atakuja kumposa. Mama akaitika naam. Mficha maradhi kilio humfichua: methali hiyo Nyanya aliipenda sana, akiitumia juu ya watu wengine.

Nyumbani ugonjwa wangu ukapewa jina jipya. Nimepigwa jicho. Akaitwa mwalimu wetu wa chuo, mzee mwenye haya, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi, nikanywa kombe lile siku saba. Sina neno nalo, wala na aliyeliandika. Siku ya mwisho nilimsikia mlangoni akimwambia Nyanya kwamba kombe halimzuii mtu kwenda kwa daktari, na kwamba angefanya vyema kunirudisha. Nyanya alimshukuru, akamfungia halwa, na aliporudi ndani akatuambia mwalimu amesema nitapona. Kwa kuwa kombe lilikuwa na uchungu kidogo, kila asubuhi alikuwa ameniongezea vijiko vitatu vya asali juu yake.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Nilikuwa na miaka kumi, na katika yote aliyosema daktari neno lililonishika ni lile lile lililomshika Nyanya. Hakuna aliyenieleza, na mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe. Kama nina ini la mlevi, basi nimekunywa ulevi. Kama nimekunywa, basi kuna mahali nilipounywa. Nikaanza kuutafuta kama mtu anayetafuta panya aliyekufia ndani ya nyumba.

Nikaupata jikoni. Nyanya alipenda kuhadithia kwamba zamani, kabla ya hamira ya makopo, mkate wa sinia uliumuliwa kwa tembo la mnazi, kijiko kimoja tu, na hakuna aliyeona ubaya kwa kuwa moto hula kila kitu. Siku hizi, alisema, sisi hutia hamira. Mimi nikakata shauri kwamba anatuficha, au kwamba unga wenyewe ukilala hugeuka tembo pasi na mtu kuuambia. Nililifunua bakuli nikautazama kwa karibu, nikaona povu likipanda na kupasuka. Soda nayo ina povu. Mahamri nayo huumuka. Nikapata kanuni yangu: kila kinachofura na kutoa povu ni ulevi. Na chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba anywaye ulevi sala yake haipokewi siku arubaini. Mkate ule nilikuwa nimeula karibu kila siku tangu nilipoota meno. Nikazifikiria sala zangu zote, alfajiri nilizoamshwa nikisinzia, Ramadhani niliyofunga mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, nikaona hakuna hata moja iliyofika. Hata shingo yangu nikadhani nimeielewa.

Nikaweka nia ya siku arubaini. Sikumwambia mtu, kwa sababu mlevi hujificha. Niliacha mkate wa sinia. Niliacha mahamri na soda, na hata chai ya maziwa niliiacha, kwa kuwa Nyanya aliimimina toka juu ikafanya povu kikombeni. Nilikula samaki, muhogo wa kuchemsha, machungwa, wali kidogo. Nyanya nilimwambia nimekula shuleni, na shuleni niliwaambia nimekula nyumbani. Ili niikwepe saa ile ya alasiri ya vipande vilivyofunikwa kawa, nikitoka chuoni sikurudi nyumbani, nilikwenda kwa miguu dukani kwa baba. Nilimkunjia leso, nikapanda kingazi cha mbao kumshushia majora, nikasimama mlangoni kuwaita wateja mpaka sauti ikanikauka. Magharibi tulirudi pamoja tukitembea. Baba alifurahi, alidhani nimependa biashara. Ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye angesema "mrudisheni hospitali" na akasikilizwa, na ndiye aliyefichwa.

Wiki ya tatu nilipanda ngazi zetu zote bila ya kukaa. Ubavu ulikuwa umenyamaza, sikumbuki siku gani, kwa sababu maumivu yakiondoka hayaagi. Magauni yakawa yananipwaya. Shingo ikaanza kupauka, weusi ukamegukameguka kama rangi ya ukuta. Asubuhi moja mama alipokuwa akinisuka, vidole vyake vilisimama pale nyuma ya shingo, vikakaa muda mrefu, kisha vikaendelea. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kuipokea toba yangu.

Kilichoniponza ni harusi. Gauni lililoshonwa miezi miwili kabla lilining'inia, na pale ukumbini mwanamke mmoja, jamaa wa mbali, akanishika shavu kama ilivyo ada, akakuta hapana kitu cha kushika.

"Mwana yuwaumwa?" akamuuliza Nyanya, kwa sauti ya kusikika safu nzima.

Nyanya akasema mzima, alhamdulillahi. Yule mwanamke akasema mbona amekonda hivi, kumbe siku hizi hamna mlishaji. Hatukungoja kuliwe. Tulipofika nyumbani Nyanya alinipeleka chumbani, akanivua gauni, akanipapasa mbavu moja moja. Nilijua anamwona nani. Akanitaka nimwambie ukweli, nani amenifanya nini, kwa nini sili. Nilikuwa nimechoka kubeba siri ile peke yangu.

"Nyanya, mimi ni mlevi," nikamwambia. "Nimebakisha siku sita."

Alikaa chini pale pale sakafuni. Nikamweleza yote, daktari, tembo, povu, siku arubaini. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Hapana tembo humu, mamangu," akasema. "Wallahi hapana. Ni hamira ya dukani. Wewe hukunywa kitu, wewe ni mwana msafi."

Akanikumbatia akalia, akamwapiza yule daktari kwa kumtia mtoto wasiwasi wa namna ile. Na alisema kweli. Hapakuwa na tembo, sikuwa mlevi, nilikuwa mwana msafi. Kila alichoniambia alasiri ile kilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyoniangamiza. Ningebaki na ujinga wangu mwaka mmoja tu, ningepona.

Akamwita mama alete sinia na kisu. Mama akaja, akaliweka sinia juu ya mkeka, akasimama na kisu mkononi.

"Mkatie mwanao," Nyanya akasema.

Mama hakukata. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuinusa iliki na mate yamenijaa, nikawa namkasirikia kwa kunicheleweshea. Nyanya akarudia neno lile lile, taratibu zaidi. Mama akainama akakata.

Kipande cha kwanza nilikila kwa woga, cha pili kwa njaa, cha tatu na cha nne kwa furaha ya mtu aliyeachiwa huru. Sitasema uongo, ile ilikuwa siku ya raha kuliko zote za utoto wangu. Nyanya alikaa mbele yangu machozi yakimtoka, akinifuta makombo mdomoni kwa ncha ya leso yake, akisema kula, mamangu, kula. Hakuna mtu aliyenipenda kama alivyonipenda yeye saa ile. Ndilo ninaloshindwa kulimeza.

Mwili ulirudi, tena na ziada. Ubavu ulirudi, shingo ilirudi, dodoki na ndimu vilirudi. Dukani sikwenda tena, Nyanya alisema jua litanikondesha. Alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa, akazikwa na watu wengi, akiamini kwamba mtoto wa pili wa jina lile hakumponyoka. Niliolewa bila ya matatizo, ini haliandikwi usoni. Kabla sijatimiza thelathini sukari ilikuwa imenishika kikamilifu. Na wiki iliyopita daktari mwingine, mwanamume mwenye mvi, alinionyesha picha akaniambia ini limefanya makovu, yale hayafutiki, linalowezekana ni kulizuia lisiendelee, na akaliweka hilo nalo kwenye mikono ya Mungu. Akaniuliza kama utotoni hakuna aliyeligundua. Ini la mtoto halina kinyongo, akasema, ukilipunguzia mzigo mapema hurudi lilivyokuwa. Nilimwambia sikumbuki.

Kutoka hospitali nilimwacha mwenzangu njiani, nikaenda kwa mama. Siku hizi yeye ndiye mwenye jiko. Nilimkuta anachagua mchele, sinia mapajani, nikamweleza alivyosema daktari, makovu na yote. Nilitazamia aulize maswali, aseme labda wamekosea, twende kwingine. Hakuuliza kitu. Aliendelea kutenga mawe kwa kidole, na mimi nikaelewa kwamba habari ile haikuwa mpya kwake.

"Yule daktari wa kwanza alinambia yote, nilipobaki ndani," akasema. "Alisema ukiachishwa vitu vitamu utapona. Kisha ukaviacha mwenyewe. Nilikuona wapona. Shingo yako nikiitazama kila asubuhi."

Nikamuuliza mbona alinikatia.

"Nilichelea asinirudishe kwetu, nikakuacha hapa peke yako naye."

Akalia. Akaniomba radhi. Kwetu radhi huombwa na mwana kwa mama, na mama akimwomba mwanawe hakuna jibu jingine linaloruhusiwa. Nilimbusu mkono, nikamwambia nimekusamehe, mama, dunia na akhera. Uso wake ukafunguka, nikauona umri wa miaka mingi ukimtoka palepale, akanipa dua ndefu ya afya na umri, kisha akarudi kwenye mchele wake akiwa mwepesi. Mimi nikashuka ngazi, mkono ubavuni, nikikaa njiani mara mbili. Nilimdanganya. Sijamsamehe, na nitaendelea kumwambia nimemsamehe mpaka mmoja wetu atangulie, na kwa aliyoyasema daktari huenda nikawa mimi.